Apendaye Barabara na Ashike Jembe

Mhariri amenipa nafasi katika kurasa za Kiswahili kwa sharti moja, nisimvunjie heshima mtu aliyenitangulia katika shule hii. Nitajitahidi. Katika toleo lililopita ndugu yetu mmoja wa zamani, ambaye sasa yuko kazini Kampala, alituandikia habari za safari yake ya baisikeli katika milima yetu ya Kigezi pamoja na rafiki zake wanne. Ilikuwa makala nzuri, na wengi wetu tuliisoma mara mbili. Lakini mwishoni aliomba kwamba barabara zetu za udongo na changarawe ziachwe kama zilivyo, mtu asiziguse, maana uzuri wake ni ukimya wake na ukali wake. Wiki mbili baadaye tukawa na mdahalo ukumbini juu ya jambo hilo hilo, na upande ulioshinda ukasema kinyume: barabara isiyo na lami ni aibu kwa wilaya, na mtu anayepanda baisikeli siku hizi ni mtu aliyekosa fedha ya pikipiki. Watu walipiga makofi sana. Mimi nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na neno lililo tayari. Sasa ninalo. Naona pande zote mbili zimesahau kitu kimoja, nacho ni maji.

Kwanza nimpe ndugu yetu haki yake. Tangu lami ilipofika kutoka Kabale mpaka Kisoro, mwendo wa karibu kilomita 80, malori na mabasi yamehamia huko, na barabara ndogo zimeachiwa watu wa miguu, mbuzi, baisikeli, na pikipiki moja moja. Ukishika njia ya ufuo wa ziwa Bunyonyi kuelekea Muko unaweza kwenda muda mrefu usikutane na gari. Ziwa liko chini yako, nalo lenyewe liko karibu mita 1,950 juu ya bahari. Visiwa vyake vinaonekana na kupotea kila ukizunguka kona, na vilima vimekatwa mashamba ngazi kwa ngazi mpaka juu. Unasikia kasia la mtumbwi kabla hujauona mtumbwi wenyewe. Na huku kwetu, njia itokayo Kisoro kupita ziwa Mutanda kwenda Nkuringo ni nzuri zaidi, ingawa watu wa Kabale watanibishia. Nyuma yako unauacha Muhavura wenye mita 4,127, pamoja na Mgahinga na Sabinyo. Mbele yako ni msitu wa Bwindi, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Hata maji ya Bunyonyi huja kwetu, maana hutoka upande wa Muko kwa mto Ruhezamyenda yakaingia Mutanda. Sisi tunapata maji, wao wabaki na sifa.

Wageni wanayajua haya kuliko sisi. Wanakuja na baisikeli zilizotengenezwa kwa ajili ya njia za changarawe tu, na siku moja nilipata kuishika moja. Matairi yake ni manene, milimita 45, na hayajazwi upepo mwingi. Usukani umepinda chini kama pembe za kondoo dume. Breki zake ni za sahani, hazijali mvua. Na gia ni nyingi hata kilima kinachotushusha sisi tukasukuma, wao hukipanda wameketi. Mwenyewe aliniambia bei, nikaihesabu kwa ng'ombe, nikapata watatu. Mchezo huu umekuwa mkubwa duniani kwa muda mfupi. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa changarawe yalifanyika Italia mwaka 2022. Kenya walitangulia kuwa na mashindano yao upande wa Maasai Mara mwaka 2021. Na si mchezo wa watoto: Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa timu iitwayo Amani, alikufa Agosti 2022 katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani.

Kwa wale walioshinda mdahalo nina swali moja tu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali, mji ulio karibu nasi kuliko Kampala, na ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika. Tulisongamana kuitazama simu ya mwalimu mpaka ikazimika. Wanaume walikwenda kilomita 267.5 kwa kupanda na kushuka vilima vile vile vya aina yetu, wengi wa walioanza hawakumaliza, na aliyeshinda ni Tadej Pogačar wa Slovenia. Je, katika umati ule wa watu uliojaa pande zote za njia, nani alisema kwamba Pogačar amekosa fedha ya pikipiki?

Basi hayo yatosha. Mimi baisikeli ninayoijua ni ya baba mdogo wangu: ya chuma, nzito, gia moja, breki za fimbo, na kerea iliyofungiwa mbao ili ibebe gunia. Siku za soko hubeba viazi ulaya kilo 100 kwenda Kisoro. Kilima haipandwi, mmoja anashika usukani, mwingine anasukuma kwa nyuma, na mkitaka kupumzika mnaweka jiwe chini ya gurudumu. Kushuka ndiko kwenye elimu. Rimu zikilowa breki hazishiki, kwa hiyo mtu huikanyagia tairi ya nyuma soli ya kandambili kuukuu na kuomba Mungu. Viazi vikiisha kuuzwa hurudi nayo tupu kwa njia ya Mutanda, na hapo ndipo nilipojifunza kuipenda barabara ya changarawe. Sikufundishwa na mgeni yeyote.

Mpanda baisikeli huisoma barabara kwa viganja. Karibu na Kisoro udongo ni mweusi, wa volkano, wenye vijiwe vyepesi. Mvua ikinyesha huyanywa maji upesi, na baada ya muda mfupi unapita kama kwamba haikunyesha. Ukizidi kwenda mbali na volkano unaingia katika udongo mwekundu wa mfinyanzi. Huo ukikauka ni mgumu kama sakafu. Ukilowa hujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, ukabaki kuichukua baisikeli begani nawe ukawa ndiwe baisikeli yake. Changarawe iliyolegea hukusanyika upande wa nje wa kona, kwa hiyo kona huingiwa polepole, macho yakitazama unakokwenda, wala si jiwe unaloliogopa. Breki ya mbele haifungwi ghafula. Mwaka juzi niliifunga, na kovu liko kiwikoni kwa anayetaka kulitazama.

Na kwa kuwa yuko chini, karibu na ardhi, mpanda baisikeli ndiye wa kwanza kuona barabara inapoanza kuugua. Mwenye gari huona shimo likiisha kuwa shimo. Sisi tunaona kijifereji cha kina cha kidole, kimeshika njia ya gurudumu kikiteremka nayo. Wiki ya pili kijifereji kina kina cha kiganja. Mvua za Machi mpaka Mei zikiisha, mtu mzima husimama ndani yake mpaka magotini, na lile tabaka la changarawe lililoletwa kwa malori limekwenda bondeni au ziwani. Magari yana dhambi zao, maana mwendo wa kasi ndio unaofanya yale mawimbi yanayotikisa meno. Lakini mawimbi hayajapata kuikata barabara vipande viwili. Barabara ya mlimani huuawa na maji, na huuawa kwa sababu maji hayakupewa njia nyingine ya kupita.

Dawa yake inajulikana, wala si ya ajabu. Barabara iwe na mgongo katikati ili maji yaanguke pembeni. Pembeni kuwe na mtaro. Mtaro usiachwe ukakusanya maji ya mlima mzima. Kila baada ya hatua kadhaa utolewe kando, maji yamwagike penye majani au mikaratusi yakiwa bado machache na mapole. Kilima kikiwa kikali zaidi, matokeo hayo yawe karibu karibu zaidi. Na mahali ambapo maji hayana budi kuvuka, pawe na bomba chini ya barabara, lile waitalo kalvati, na mdomo wa kalvati uwe wazi. Ni hayo tu. Wazee wetu wa Kigezi waliyajua mashambani. Katika miaka ya 1940, chini ya amri za serikali ya kikoloni, walikata vilima hivi kwa matuta na vipande vya majani ili maji yasiuchukue udongo, na mpaka leo tunakula juu ya kazi ile. Ajabu ni kwamba tunalinda shamba kwa jembe, na barabara inayopita katikati ya shamba tunaitazama ikifa.

Sasa nisimulie jambo ambalo sikulisema katika mdahalo.

Likizo ya Mei mwaka jana shangazi yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku, kabla ya siku zake. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Pikipiki iliyoitwa haikuweza kupanda mpaka kwetu, kwa hiyo wakaitwa watu wa engozi. Kwa wasomaji wa mbali nieleze kidogo: engozi ni machela yetu, na kila kijiji cha Kigezi kina chama chake cha kuchukua wagonjwa. Kila nyumba hutoa mtu. Asiyekuja hutozwa faini. Na katika sanduku la chama huwa na akiba kidogo. Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha mpango wake wa bima ya matibabu mwaka 1996 iliujenga juu ya vyama hivi, kwa sababu watu walikwisha zoea kuchukuliana mizigo. Usiku ule baba mdogo alishika mbele, mimi kwa mara ya kwanza nikashika nyuma. Tulikuwa tunataka kufika mahali ambapo gari lingeweza kutupokea, ili tumpeleke hospitali ya Mutolere.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye kalvati la chini ya shamba letu. Hapo barabara haikuwapo. Kalvati lilikuwa limeziba kwa udongo, maji yakakosa mlango, yakapanda juu ya barabara na kuikata. Ilibidi tushuke korongoni na machela, tupite ndani ya maji, tupande upande wa pili kwa kushikana mikono gizani. Kupanda kule kulichukua muda mrefu kuliko njia yote iliyotangulia. Mtoto alizaliwa pale pale juu ya ukingo, wanawake wawili wakimzungushia kanga, sisi wanaume tumegeuza migongo na kulowa. Yu hai, na mama yake yu hai. Mungu alisaidia. Siku hiyo sikuona uzuri wowote katika ukali wa barabara ile, nami nadhani hata ndugu yetu wa Kampala, kama angalikuwa ameshika ncha ya machela, asingaliuona.

Asubuhi nilirudi mchana kweupe kulitazama kalvati. Udongo uliolizibua barabara haukuwa mwingi. Watu wawili wenye majembe wangaliuondoa kabla ya chakula cha mchana. Lakini kilichonishinda ni kingine. Juu kidogo ya pale palikuwa na mtaro wa kutolea maji kando, ambao kazi yake ilikuwa kuyapunguza maji kabla hayajafika kalvatini. Mtaro ule ulikuwa umefungwa kwa udongo uliopigwa jembe, na juu yake palipandwa viazi. Shamba lile ni la baba mdogo. Alikuwa ameufunga msimu uliopita, kwa sababu maji yake yalimharibia matuta mawili. Alisimama karibu nami akapatazama, kisha akaenda zake nyumbani, wala siku ile hatukuzungumza.

Kwa hiyo ninaposema kwamba pande zote mbili zimekosea sisemi kama mtu asiye na lawama. Nani atamwambia mkulima mwenye kipande kidogo cha ardhi ayapokee maji ya barabara ya watu wote? Ni lazima kwanza atafutiwe mahali pa kuyapeleka, penye matete au miti, na pengine jirani wa chini naye aulizwe. Maneno haya ni marefu kuliko kazi yenyewe ya jembe. Lakini hayatasemwa kamwe ikiwa wapenda barabara wanataka isiguswe, na wachukia barabara wanangojea lami.

Lami naitaka mimi pia. Serikali ilikwisha tangaza mpango wa kutia lami barabara ya Kabale kwenda Bunyonyi na ile ya Kisoro kwenda makao ya hifadhi ya Mgahinga, na mtu mwenye mgonjwa hawezi kuupinga mpango kama huo kwa ajili ya ukimya wa mtu mwingine. Ndugu yetu anasikitika kwamba njia yake ya ufuoni itajaa magari. Huenda. Ila milima hii ina njia nyingi mno, na lami ni ghali; nyingi zitabaki changarawe mpaka wajukuu wetu waandike katika gazeti hili. Hizo ndizo ninazozisemea. Watakaopanda baisikeli hawatakosa mahali.

Ombi langu ni hili. Wanafunzi wa vidato vya juu turuhusiwe kuwa na chama cha baisikeli, tutoke Jumamosi, mbili kwa mwezi. Najua kwa nini baisikeli zilikatazwa bwenini, nami nakubali kwamba wale walioteremka kilima cha kanisani wawili wawili bila breki walistahili adhabu. Basi breki zikaguliwe na mwalimu getini, kila mtu avae kofia ngumu, na asiyekuwa nayo asitoke. Lakini kila safari iwe na mzigo: majembe mawili na koleo moja, yafungwe kwenye kerea. Tukikuta mtaro umeziba tushuke, tuuzibue, tupande tuendelee. Tusichimbe popote bila kuongea na mwenye shamba na mwenyekiti wa kijiji. Palipo na kazi kubwa kuliko nguvu zetu tuandike mahali penyewe na siku, tupeleke barua kwa wanaohusika. Barua yenye mahali na siku husomwa tofauti na malalamiko.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya serikali. Ni kweli ni yake. Hata hivyo mvua za Septemba haziulizi ni kazi ya nani, na greda haliwezi kuletwa kwa ajili ya mdomo mmoja wa kalvati. Wengine watasema wageni ndio walipe, maana ndio wanaokuja kujifurahisha. Sina ugomvi na hilo; mgeni yule wa ng'ombe watatu aliniuliza mwenyewe kama kuna kitu anachoweza kufanya, nikamwambia hakuna, kwa sababu ya haya. Leo ningempa jembe.

Na nyinyi ndugu zetu wa zamani, ambao kila mwaka mnatuletea fulana zenye nembo ya shule, mwaka huu tunaomba mipira ya ndani, viraka, gundi, pedi za breki, na majembe matatu ya ziada. Fulana za mwaka jana bado tunazo.

Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa nitakuwa pale kalvatini, chama kiwepo au kisiwepo. Kutoka hapa ni mwendo wa karibu saa mbili kwa baisikeli ya gia moja. Ndugu yetu wa Kampala namkaribisha kwa moyo mweupe, na rafiki zake wanne pia, maana mteremko wa mwisho kabla ya Mutanda hajauona bado, ama sivyo angaliuandika. Baba mdogo naye atakuwapo. Amekubali mtaro ufunguliwe upya na yale matuta mawili yaondoke. Anachotaka ni kuvuna kwanza.